Kidato cha Pili Ziwani Magadi

Ukishapita Kiserian, barabara ya Magadi hupanda hadi Kona Baridi, kisha ardhi yote huporomoka mbele ya macho yako. Hapo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na upepo hauna huruma. Uendako ni mita 600 hivi, katika mojawapo ya sehemu za chini kabisa za Bonde la Ufa upande wa Kenya. Nilimwomba dereva asimamishe basi. Wanafunzi wakashuka na masweta yao, wakatazama bondeni, na mmoja akaunyooshea kidole weupe uliokuwa ukimetameta kwa mbali: "Mwalimu, ziwa ni lile?" Lilikuwa paa la bati. Ziwa lilikuwa bado mbali, nyuma ya safu za vilima vya volkano.

Mabasi ya shule hupita barabara hii mara kwa mara. Wanafunzi huvishwa helmeti, huzungushwa katika kiwanda cha Magadi, hupigwa picha, hula mkate na soda, hurudi nyumbani jioni. Ziara ya namna hiyo ina raha yake na siibezi. Sisi, hata hivyo, tulibeba makasha ya chupa za sampuli, mizani ndogo, madaftari yenye majedwali yaliyochorwa tayari, na ahadi ya kiwanda kwamba tungepewa meza katika maabara yao.

Mada yenyewe ilikuwa katika silabasi ya kemia ya Kidato cha Pili, chini ya kaboni na misombo yake. Mwanafunzi alitakiwa azijue njia mbili za kupata sodiamu kaboneti, ambayo viwandani huitwa magadi soda. Ya kwanza ni ya Mbelgiji Ernest Solvay, aliyeibuni miaka ya 1860: maji ya chumvi, mawe ya chokaa, na amonia inayozungushwa na kurudishwa ilikotoka. Ya pili ni ya Magadi: trona, yaani jiwe la magadi ghafi, inachimbwa ziwani, inasagwa, inaoshwa, inachomwa. Kitabuni zote mbili ni visanduku na mishale. Mtoto akivikariri vizuri atavichora kwenye mtihani na kupata alama zake. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mjomba wake amefanya kazi Magadi kwa miaka mingi, aliniuliza siku moja Solvay yuko upande gani wa ziwa. Swali lile lilinikaa moyoni. Kijana alizijua fomula zote, na mjomba wake aliishi katikati ya fomula hizo, lakini darasani hakuna aliyekuwa amewakutanisha.

Ndipo nilipokiandikia kiwanda barua. Sikuomba ziara. Niliomba tupate sampuli za kila hatua ya kazi, tupewe nafasi ya kuzipima kwa mikono yetu, na baadaye mkemia mmoja aje shuleni kusikiliza matokeo ya wanafunzi na kuyakosoa. Majibu yalichukua muda, simu zikapigwa, wakuu wawili wakabadilishana nyaraka kuhusu bima na usalama, hatimaye tukakubaliwa.

Kazi ilianzia shuleni. Kila kikundi kilinunua magadi sokoni, yale mawe ya kijivu ambayo akina mama huyatia kwenye maharagwe, githeri na mrenda. Tuliyasaga, tukapima gramu 10, tukazichoma kwenye kikombe cha kauri hadi uzito ukakoma kupungua. Gesi iliyotoka tuliipitisha kwenye maji ya chokaa, yakageuka maziwa. Juu ya kioo baridi matone ya maji yakajikusanya. Kwa hiyo waliyaona yote mawili kwa macho: maji na kaboni dayoksaidi, vikilitoka jiwe la sokoni. Hesabu ya kitabu inasema gramu 10 za trona safi zibakishe gramu 7.04. Karibu vikundi vyote vilibaki na uzito zaidi ya huo, na kikundi kimoja kilinijia kikidhani kimeharibu jaribio. Niliwaambia wayeyushe masalio katika maji kisha wachuje. Kwenye karatasi ya chujio ukabaki mchanga na udongo, vitu ambavyo moto haukuvipunguza hata kidogo. Walicheka, wakaupima mchanga wenyewe, wakairekebisha hesabu.

Msichana mmoja anayetoka Kakamega akatuambia kwamba kwao bibi hatumii magadi ya dukani. Huchoma maganda ya maharagwe, huchuja majivu yake kwa maji, na maji hayo ya kahawia ndiyo humwagwa kwenye mboga ili zilainike, nayo huitwa musherekha. Juma lililofuata alileta chupa yake. Ilibadilisha litmasi nyekundu kuwa bluu sawasawa na magadi, ila chumvi iliyomo zaidi ni ya potasiamu. Darasa zima lilitaka kuionja.

Barabara kutoka Kona Baridi huteremka kwa ngazi ndefu. Baada ya Oltepesi masweta yote yalikuwa yamevuliwa na madirisha yamefunguliwa. Mbuzi walijibanza chini ya migunga. Tulisimama Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walifanya uchimbuzi katika miaka ya 1940 na ambapo mashoka ya mawe ya binadamu wa kale bado yamelala pale pale yalipoachwa, kwa mamia, chini ya kijia cha mbao. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wakiuza shanga langoni. Mwanafunzi wetu mmoja wa huko huko Kajiado akamsalimu mkubwa wao, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia "Iko" huku akimshika kichwa. Hatukukaa sana. Tulitakiwa tuwe langoni kiwandani kabla ya jua kuwaka vikali.

Ziwa Magadi halijitambulishi kama maji. Unachokiona kwanza ni uwanda mweupe, mkavu, wenye nyufa, na hapa na pale vidimbwi vyekundu na vya waridi. Rangi hiyo ni ya viumbe vidogo mno vinavyostawi ndani ya maji yenye chumvi kupindukia. Pembeni, kwenye maji machache ya chemchemi, heroe walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja. Harufu ni kali kiasi, inakwaruza koo.

Kijiolojia, mambo ni haya. Ziwa halina mto unaolitoka. Maji yake mengi huja chini kwa chini na kuchomoza kama chemchemi za moto kandokando, na baadhi ya chemchemi hizo zinazidi nyuzi 80 za selsiasi. Yakipita kwenye miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi, maji huichukua sodiamu hiyo pamoja na kaboneti. Yakifika ziwani, jua la nyuzi 35 hadi 40 huyakausha, na kinachobaki kinaganda kuwa trona, tabaka juu ya tabaka, mita nyingi kwenda chini. Solvay alihitaji kiwanda kizima kuigeuza chumvi ya kawaida iwe sodiamu kaboneti, na kwa kila tani moja aliyoipata, hesabu inaonyesha zaidi ya tani moja ya kalisi kloridi ikibaki ya kutafutiwa pa kutupwa. Hapa sehemu ngumu ya kazi ilishafanywa na volkano pamoja na jua. Mataifa yaliyojaliwa trona ya kutosha ni machache. Marekani inayo nyingi zaidi, huko Green River, Wyoming.

Langoni tulipokewa na ofisa wa usalama, mama mmoja mkakamavu ambaye hakuwa na haraka yoyote. Alitueleza vumbi la magadi soda linafanya nini kwenye jicho lenye jasho. Alituonyesha mahali pa kuoshea macho, akamtaka kila mwanafunzi aufungue mfereji mwenyewe na kuufunga. Aliwafundisha kutembea ndani ya mistari ya manjano. Kila mmoja akavaa helmeti, miwani, vizibo vya masikio na viatu vigumu. Nilipenda kwamba hakuwatisha; aliwaeleza sababu, nao wakazifuata amri zake siku nzima bila kukumbushwa.

Uchimbaji hufanywa na mtambo unaoelea. Unakata trona kutoka sakafu ya ziwa, unaiponda, unaichanganya na maji ya ziwa lenyewe hadi iwe tope, kisha pampu hulisukuma tope hilo ndani ya bomba refu hadi nchi kavu. Pale linapopokewa huoshwa, kwa sababu trona ya ziwani imechanganyika na chumvi ya kawaida na matope. Injinia aliyetuongoza akawasimamisha wanafunzi kando ya birika la kuoshea, akauliza: "Tunaoshea maji gani hapa?" Wengi wakasema maji safi. Akatikisa kichwa. Maji matamu ya Magadi huletwa kwa bomba kutoka milima ya Nguruman, na ni ya kunywa.

Kimya kikawa kirefu. Mvulana ambaye darasani huketi nyuma na husema kwa nadra akainua mkono. "Maji safi yangeiyeyusha trona yenyewe," alisema. "Lazima yawe maji ambayo trona imeshayashibisha." Injinia alimpa mkono. Ni kweli: huoshea maji ya ziwa yaliyokwisha kushiba trona, ambayo yanaweza bado kuichukua chumvi na matope bila kulila jiwe linalotakiwa. Nimefundisha myeyusho ulioshibishwa kwa sukari na chai kwa miaka mingi, na wanafunzi hulielewa neno lenyewe haraka. Kwamba wazo hilo dogo ndilo linaloamua kama kiwanda kitapata mali au kitaimwaga, hilo nililiona likiingia vichwani mwao pale pale kwenye birika.

Kutoka hapo tope hukamuliwa maji na kupelekwa kwenye matanuri: mapipa marefu ya chuma, yamelala kwa mshazari, yanazunguka polepole na moto ukivuma ndani. Joto lilitupiga kifuani kabla hatujafika. Trona huanza kuachilia maji na gesi yake hata kabla ya nyuzi 200, lakini mtambo unapaswa kuhakikisha kila punje imefikiwa. Makelele yalikuwa makubwa, kwa hiyo injinia alitupeleka nyuma ya ukuta, akatoa chaki, akaandika ukutani mlingano ambao wanafunzi waliujua: moli mbili za trona zinatoa tatu za sodiamu kaboneti, tano za maji na moja ya kaboni dayoksaidi. Kisha akawapa kazi. Ili kupata tani moja ya magadi soda, ni kilo ngapi za trona zinahitajika, na nini kinaondoka?

Walipiga hesabu wakiwa wamechutama, madaftari yakiwa magotini. Kilo 1,421 za trona safi. Kilo 283 za maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zenyewe. Kilo 138 za kaboni dayoksaidi, kabla hujahesabu moshi wa mafuta yanayochomwa. "Na maji yaliyoshikamana kwa nje, ambayo hayakukamuliwa vizuri?" injinia aliuliza. Kila kilo moja ya maji yanayochemka inahitaji takriban kilojuli 2,260 igeuke mvuke. Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini mashine ya kukamua maji inatunzwa kwa uangalifu mkubwa hivyo: maji yatakayobaki yatalipiwa kwa mafuta. Nadhani hili ndilo jambo ambalo maabara ya shule haiwezi kulifundisha peke yake. Shuleni jaribio huisha rangi inapobadilika. Kiwandani kila gramu ina gharama, ina njia ya kwenda na ina madhara mahali fulani, na mkemia anawajibika kwa hayo yote.

Tulikula chakula cha mchana kwenye kantini, wali na maharagwe. Watoto waliuliza kama yamepikwa kwa magadi.

Maabara ya kiwanda si kubwa. Ina viyoyozi, meza nyeupe, na zamu mchana na usiku, kwa sababu sampuli haziishi. Mkemia wa zamu, ambaye wanafunzi walimwita madamu tangu dakika ya kwanza, aliwapangia mitungi mitatu. Wa kwanza uliandikwa "trona", wa pili "zao la mwisho". Wa tatu haukuandikwa kitu.

Jaribio lenyewe ni la zamani na halihitaji kifaa cha bei kubwa. Unayeyusha kiasi ulichokipima, unatia matone ya fenoftalini, na myeyusho unakuwa waridi. Unadondosha asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti mpaka uwaridi unapotea. Hapo kaboneti yote imegeuka bikaboneti. Unaandika. Kisha unatia methili oranji, rangi inakuwa manjano, unaendelea kudondosha mpaka manjano inaelekea wekundu. Sasa bikaboneti nayo imekwisha. Unaandika tena. Madamu hakuwaambia watarajie nini. Aliwaambia tu warudie kila kipimo mpaka mara mbili mfululizo zikubaliane.

Kikundi kilichokaa karibu nami kilipata, kwa trona, sentimita za ujazo 8.2 kwenye hatua ya kwanza na 16.6 kwenye ya pili. Kwa zao la mwisho walipata 12.3 na 12.4. Walizitazama namba hizo kwa muda. Msichana wa Kakamega ndiye aliyeanza kuzisemea kwa sauti ya chini: trona ina kaboneti moja na bikaboneti moja, kaboneti ikigeuka bikaboneti, sasa kuna bikaboneti mbili, basi hatua ya pili lazima ile asidi mara mbili. Na zao la mwisho halina bikaboneti ya asili, kwa hiyo hatua zote mbili zinalingana. Alipomaliza alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, fomula iko humu ndani ya bureti." Sijawahi kusikia sentensi nzuri kuliko hiyo kutoka kwa mwanafunzi wangu.

Mtungi wa tatu ukawapa 10.4 na 13.6. Haikuwa moja kwa moja, wala haikuwa moja kwa mbili. Ubishi ukazuka. Kundi moja likashikilia kwamba ni trona ambayo haikuungua ikaisha. Jingine likasema ni magadi soda mazuri yaliyoachwa wazi, yakanyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani na kuanza kurudi kuwa bikaboneti. Yote mawili yanawezekana kikemia, na madamu alilikiri hilo mbele yao. Aliwauliza wangetofautishaje. Wakapendekeza waangalie muda sampuli ilipochukuliwa na joto la tanuri saa hiyo. Akafungua kitabu cha kumbukumbu za zamu. Joto lilikuwa limeshuka tanuri lilipokuwa likiwashwa upya, na sampuli ilichukuliwa dakika hizo hizo. Kundi la kwanza likashangilia. Kusema kweli, nililipenda zaidi kundi la pili, maana lilitoa maelezo ambayo hayakuwa ya kitabuni na likakubali ushahidi ulipokuja.

Kabla hatujaondoka, mvulana mmoja mwenye meno yenye madoa ya kahawia, ambayo wengi waliokulia Bonde la Ufa wanayo, aliuliza kama ziwa ndilo lililomfanya hivyo. Alijibiwa kwa heshima na kwa ukamilifu. Maji ya chini katika sehemu nyingi za bonde hili yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi huku vinakipita. Floraidi inapozidi wakati meno ya mtoto yanajijenga, hubaki na madoa. Magadi ya ziwa nayo yana floraidi, na ndiyo sababu watu wa afya huonya yasitiwe kwa wingi kwenye chakula cha watoto. Kijana aliuliza kama kuna namna ya kuitoa. Wakaanza kuzungumza kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa, na basi likachelewa kwa sababu hiyo. Niliacha lichelewe.

Njiani kuelekea reli, mzee mmoja aliyestaafu kazi kiwandani alitusimulia historia, na baadhi yake naiongezea hapa. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, ili mzigo ufike bandarini. Mwaka 1924 ilichukuliwa na Brunner Mond ya Uingereza, kampuni iliyokuwa ikitengeneza magadi soda kule Cheshire kwa njia ya Solvay. Mwaka 2005 Tata Chemicals ya India iliinunua Brunner Mond, na Magadi ikaenda nayo. Kwa hiyo zile njia mbili za kitabuni ziliwahi kumilikiwa na kampuni moja, na kijana wangu aliyemtafuta Solvay kando ya ziwa hakuwa mbali na ukweli.

Mzee hakuishia hapo. Aliwakumbusha wanafunzi mikataba ya 1904 na 1911 ambayo Waingereza waliwafungisha Wamaasai, na namna malisho yalivyopotea. Swali la ardhi na kodi bado lipo, na mvutano baina ya kaunti ya Kajiado na kampuni umefika mahakamani. Nilifurahi kwamba aliyasema hayo mbele ya watoto. Kemia ya viwandani isiyotaja ardhi, maji na wenyeji haijakamilika, na mwanafunzi wa Kimaasai aliyekuwa nasi alisikiliza sehemu hiyo kuliko zote.

Majuma machache baadaye mkemia alikuja shuleni, akaketi nyuma ya darasa. Wanafunzi walitoa matokeo yao kwa mabango waliyoyaandika kwa mkono. Aliwabana: kwa nini mmesoma bureti hadi nukta moja ya desimali tu? Sampuli yenu inawakilisha tani ngapi? Wengine walitoka jasho. Mwisho alikubali kutuletea sampuli kila muhula, nasi tukakubali kumpelekea hesabu zetu.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea Ongata Rongai, jirani kabisa na shule. Mama mmoja wa mtaani hutengeneza sabuni ya maji kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba yake, kwa ungarol (kitoa povu), asidi ya salfoniki, chumvi, manukato, na magadi soda ya kuipoza asidi. Mwanafunzi wangu, mpangaji wake, aliona mfuko wa magadi soda akaniletea habari. Tulimwendea. "Mwalimu," alisema mama huyo, "wateja wengine huniambia inawawasha mikono, na sijui ni kwa nini si kila pipa." Wanafunzi walipima pH ya mapipa yake matatu. Alikuwa akikadiria magadi soda kwa kikombe, na kikombe hujaa tofauti kila siku. Pipa moja lilikuwa na pH karibu 11. Wakamtengenezea jedwali la vipimo kwa mizani, na utaratibu wa kupima kwa karatasi ya pH kabla ya kufunga chupa. Analitumia mpaka leo. Ushirika huo haukuhitaji basi, bima wala barua ya mkuu wa kiwanda, na ndani yake mna kemia ile ile ya asidi na besi.

Mtaala wa umilisi umeigawa sekondari ya juu katika mikondo mitatu, na mmoja wake ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Maneno hayo yataishia kwenye karatasi iwapo shule na viwanda vitaendelea kukutana kwa picha za langoni. Mwalimu wa kemia unayesoma haya, tafuta kilicho karibu nawe: kiwanda cha sukari, cha chai, cha ngozi, cha saruji, bwawa la chumvi, mtengeneza sabuni. Usiombe ziara. Omba sampuli, omba meza, omba mtu atakayekuja kuwakosoa wanafunzi wako. Nawe meneja wa kiwanda, barua ya namna hiyo ikikufikia, usiikabidhi idara ya mahusiano peke yake. Ipeleke maabara.